Barua za Saa Kumi

Dukani, tarehe 2 Machi

Mwanangu Pini,

Mimi mzima, cherehani nzima, ni goti la kushoto tu linaloringa, nalo nimeshalizoea. Nakuandikia kwa sababu simu yako ina haraka kuliko wewe, na maneno ya simu yakiisha yameisha. Barua mtu unaishika. Nitampa dereva wa basi la asubuhi kama kawaida, naye ataifikisha hapo makao makuu, kwa kuwa suruali anayoendeshea nimeishona mimi na anajua nikikasirika itafumukia wapi.

Sasa sikia. Jana Kinyozi wa mlango wa pili kaingia dukani kwangu na povu mkononi, mteja wake kamwacha kitini na shavu moja limenyolewa, kuniambia kwamba redio imekutaja. Mwenyekiti wa chama anastaafu mwezi wa tano, na wanaogombea nafasi yake ni wawili: Makamu wake, na wewe. Nikamwambia mimi sishangai. Mtoto aliyekaa chini ya meza yangu ya kukatia tangu ana miaka minne, akipita na sumaku kuokota pini ili wateja wasichomwe miguu, huyo uongozi kauanza zamani, ninyi ndio mmechelewa kupata habari. Akasema hiyo ya sumaku nimeshamwambia. Nikamwambia basi leo anaisikia vizuri.

Fundi Baiskeli naye alikuwepo. Si unajua ndiye mwenyekiti wa tawi letu, na mkutano mkuu atakwenda kupiga kura. Kasema anakupenda kama mwanawe, amekujua tangu hujui kujifuta kamasi, lakini kura yake ameshamwahidi Makamu, maana Makamu alipopita hapa alimshika mkono akamwita kwa jina lake. Nikamwambia hata mimi namwita kwa jina lake kila siku, mbona hajawahi kuniahidi kitu.

Nesi mstaafu, yule wa chama kile kingine, anayekuja kila alasiri eti kusubiri gauni ambalo nilimkabidhi tangu mwaka juzi, yeye kasema anamwombea sana Makamu. Akishinda huyo, uchaguzi mkuu wa mwakani chama chake Nesi kitashinda kikiwa kimelala. Benchi zima likacheka. Fundi Baiskeli hakucheka.

Mwanangu, niandikie barua ndefu yenye mambo ndani. Weka herufi kubwa, na usikatekate maneno kama mnavyofanya siku hizi, yananikwaza katikati. Nakushonea suti ya siku ya mkutano, bluu iliyoiva. Nitumie kipimo cha kiuno. Usinidanganye, kitambaa kitakuumbua.

Mama yako, fundi wa mwenyekiti mtarajiwa


Makao makuu, tarehe 9 Machi

Shikamoo Mama,

Barua yako imefika. Dereva alinisimamia mpaka nikaifungua, akasema umemwagiza aone uso wangu nikiisoma. Mwambie aache.

Mama, usinitangaze. Fomu sikuichukua mimi, walinichukulia akina mama na vijana wa chama, wakaja ofisini nayo wakakaa mlangoni mpaka nikaitia sahihi. Wajumbe wa mkutano mkuu ni elfu moja na mia mbili, na wengi wao Makamu ameshawashika mkono kama alivyomshika Fundi Baiskeli. Mimi ni mkuu wa idara ya uchaguzi, kazi yangu ni kuzunguka majimboni nikiuliza watu watatupigia kura au hawatatupigia. Watu wanaouliza maswali hawapendwi sana humu ndani. Kwa hiyo ukikaa na wateja, ongea habari za mikunjo na vifungo.

Kiuno ni kilekile. Sawa, ongeza kidogo.

Umesema Kinyozi alikuja na povu, lakini hukusema kama bado anapaka ndevu rangi. Mara ya mwisho nilipomwona zilikuwa nyeusi kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Nilitaka kumpigia saluti.

Wako,
Pini


Dukani, tarehe 15 Machi

Mwanangu Pini,

Marahaba. Sijakutangaza. Watu wanauliza, nami nimelelewa kujibu nikiulizwa. Leo kaja mama mmoja kupunguza urefu wa sketi, akaniuliza nina watoto wangapi. Nilipomaliza kumjibu, sketi ilikuwa imeshakuwa tayari na pasi imepita.

Kinyozi alinuna siku mbili. Siku ya tatu kaja na ndevu nyeupe pee, kaosha rangi yote, anafanana na mtu wa maana. Kasema saluti imepokelewa. Nesi anasema kama kwa barua moja umemtoa Kinyozi rangi aliyoing'ang'ania miaka tisa, basi nchi haitakushinda. Huyo ni mpinzani wetu, na ndiye anayesema hivyo.

Suti imefika kwenye kola. Kola ndiyo inayomfanya mtu asikilizwe. Kola ya Makamu nimeiona gazetini, imelala upande mmoja, inaonyesha imeshonwa na mtu mwenye haraka zake.

Usikae na njaa.

Mama yako


Makao makuu, tarehe 2 Aprili

Shikamoo Mama,

Umeniomba barua yenye mambo. Hii inayo, na nimeandika herufi kubwa.

Nimerudi jana kutoka majimboni. Nimepita majimbo arobaini ambayo chama chetu huyategemea sana. Uchaguzi uliopita tulishinda thelathini na moja. Uchaguzi ungefanyika kesho, tungepata kumi na mbili. Nimehesabu mara tatu, nikampa mwenzangu ahesabu, kapata kumi na moja, tukabishana juu ya hilo moja kana kwamba ndilo litakalotuokoa.

Watu hawatuchukii, Mama. Wangetuchukia ningejua pa kuanzia. Wanatuzoea tu, kama redio ya jirani. Kwenye soko moja nilimkuta bibi muuza nyanya amevaa fulana yetu, yenye picha ya Mwenyekiti, imefifia mpaka Mwenyekiti amebaki masikio. Nikafurahi, nikamuuliza, bibi, uko nasi? Akaniambia, "Fulana yenu ni ya kulalia, mjukuu wangu. Kura ni yangu." Kisha akaniongezea nyanya moja juu ya nilizonunua, maana aliona uso wangu.

Nikamuuliza tumekosea wapi. Akasema tunakuja kusema, hatuji kusikiliza. Kasema kiongozi wa mwisho kumuuliza swali alimuuliza njia ya kurudia barabarani.

Hayo ndiyo niliyoyaandika kwenye ripoti. Chama hiki kinaweza kushinda mwakani, bado kina watu wazuri na muda upo, lakini kwanza kikubali kwamba leo kinashindwa. Makamu kaisoma, kaniambia nibadilishe kumi na mbili iwe ishirini na nane ili wajumbe wasivunjike moyo. Nimekataa. Ripoti imefungiwa kabatini kwake.

Na sasa, Mama, nimeamua. Nimeambiwa nikiondoa jina langu kimya kimya nitabaki na kazi yangu, na mwakani watanisikiliza kidogo. Nimechoka. Ijumaa ya tarehe kumi na nane nitaandika barua ya kujitoa. Suti usiifumue, nitaivaa siku nyingine.

Haya nimekuambia wewe peke yako. Ukimaliza kuisoma, ichome.

Wako,
Pini


Dukani, tarehe 5 Aprili

Mwanangu,

Kaa chini kwanza. Kama uko kwenye kiti chenye magurudumu, tafuta kingine.

Nina jambo nimekuficha tangu ulipoondoka hapa na begi lako, mwaka wa saba huu. Barua zako sijawahi kuzifungua nikiwa peke yangu. Basi huzileta saa nne asubuhi, nami huziweka juu ya rafu ya nyuzi, pale kila anayeingia anaziona. Hazifunguliwi mpaka saa kumi. Saa kumi benchi limejaa, Kinyozi kafunga, Nesi kafika, Fundi Baiskeli kanawa mikono. Hapo ndipo nafungua kwa mkasi mdogo, nasoma kwa sauti. Sitangulii hata mstari mmoja, nataka nicheke nao pamoja na nishangae nao pamoja. Ndiyo maana nilikuomba herufi kubwa. Macho yangu hayana neno.

Nilijua si vizuri. Nilikuwa najiambia ni salamu tu, nani atadhurika na salamu. Lakini mwanangu, ukiwa na mtoto anayeandika vile, na watu wako pale, na chai iko pale, wewe ungefanyaje?

Basi juzi nikasoma. Kumi na mbili nikaisoma. Bibi wa nyanya nikamsoma. Makamu na kabati lake nikawasoma. Nesi akaweka kikombe chake chini. Nikageuza ukurasa wa tatu, nikaona yale maneno, kwamba umeamua kujitoa. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nikaufunga, nikaufungua tena, nikasema, "Anawasalimu wote." Nikakunja ukurasa huo nikautia kifuani. Ndiyo mara ya kwanza nimesoma kisichoandikwa, na sijutii.

Fundi Baiskeli kaomba nirudie pale pa fulana. Nikarudia. Akasimama, akainama tena kuchukua kofia yake, akasimama tena. Akasema, "Miaka ishirini na sita niko kwenye chama hiki. Leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa ukweli, na nimeambiwa kwa fundi cherehani."

Akaniomba hizo kurasa mbili za mwanzo. Mwanangu, nikampa. Hakunipokonya, mimi ndiye niliyempa. Kasema atazirudisha kesho. Kesho imepita.

Ya tatu ninayo, haijaonwa na mtu. Nisamehe. Lakini hata usiponisamehe, usiandike hiyo barua ya Ijumaa. Mtu anayekataa kugeuza kumi na mbili kuwa ishirini na nane hajitoi, wanajitoa wengine. Tena nimeshakata mikono ya suti.

Mama yako


Makao makuu, tarehe 9 Aprili

Mama,

Kurasa zako mbili ziko mezani kwa Makamu. Si zenyewe, ni nakala, na sijui ya ngapi. Ameniita mbele ya watu sita akanisomea mwandiko wangu mwenyewe, hadi ile habari ya masikio ya Mwenyekiti. Nimesimamishwa kazi mpaka mkutano upite. Ufunguo wa ofisi nimerudisha.

Kujitoa sitajitoa tena, lakini si kwa ajili ya mikono ya suti. Nikijitoa sasa itaonekana nimesema uongo nikakimbia.

Miaka saba, Mama. Kila nilichokuandikia. Hata ile barua ya mwaka ule nilipougua?

Usiniandikie kwanza.

Pini


Dukani, tarehe 20 Aprili

Mwanangu Pini,

Umesema nisikuandikie, na mimi siandiki, hii ni karatasi ya kufungia suti. Karatasi ya kufungia lazima iwe na maneno mawili matatu isipotee njiani.

Ile ya ugonjwa ndiyo, niliisoma. Nesi alilia, akakwambia kupitia kwangu unywe dawa baada ya kula, nami nikaandika kama ni mimi niliyejua. Ukapona.

Saa kumi watu bado wanakuja, hakuna kinachosomwa. Wanakaa tu. Nesi analeta sweta anayofuma, Kinyozi anaangalia rafu ya nyuzi. Ni kama msiba usio na maiti. Jana nikawaambia waende makwao, wakasema wamezoea benchi.

Fundi Baiskeli hayupo. Kafunga karakana, kapanda baiskeli yake, anazunguka matawini na zile kurasa zako ndani ya mfuko wa plastiki. Watu wanazinakili kwa mkono, wengine wanapiga picha. Kila tawi anasema neno moja tu, nimelisikia kwa mtu aliyemwona: "Msinisikilize mimi, sikilizeni hii." Sijui anakujenga au anakuzika. Nilipotaka kumzuia alikuwa ameshavuka daraja. Nakuambia ili usije ukasema nimekuficha tena.

Suti vaa na viatu vya chini. Mfuko wa kushoto, kwa ndani, nimekuwekea kitu. Si hirizi, usiogope.

Sikudai jibu.

Mama yako


Nyumba ya wageni, karibu na ukumbi wa mkutano, tarehe 26 Mei

Kwa Mama, na kwa wote mlioko kwenye benchi,

Shikamooni wakubwa. Mama, hii isubiri saa kumi. Hakikisha Nesi amekaa mahali anaposikia vizuri.

Jana mmesikia redioni, lakini redio haikuwepo. Mimi nilikuwepo, kwa hiyo tulieni.

Makamu alizungumza kwanza. Alizungumza vizuri. Kisha akatoa kurasa zile mfukoni, akasema anataka wajumbe wasikie wenyewe jinsi mwenzake anavyokidharau chama. Akaanza kusoma. Ana sauti nzuri, Mama, karibu kama yako. Alisoma majimbo arobaini, akasoma thelathini na moja, akasoma kumi na mbili. Akafika kwa bibi wa nyanya. Hapo nikaona kitu cha ajabu. Wajumbe wengi walikuwa wanasogeza midomo. Walikuwa wanaijua kwa moyo. Aliposema "fulana yenu ni ya kulalia," watu mia tano wakamalizia, "kura ni yangu."

Ukumbi ukacheka. Hawakumcheka yeye. Walijicheka wenyewe, na kilikuwa kicheko kitamu, cha watu waliokaa na jino bovu muda mrefu halafu mtu akalitaja. Ndipo Fundi Baiskeli akanyanyua mkono kule nyuma, akapewa kipaza sauti, akauliza swali moja: "Ndugu Makamu, hiyo kumi na mbili ni kweli au si kweli?" Makamu akasema hesabu za chama si za kutangazwa ovyo. Fundi akasema ahsante, akaketi. Sijawahi kusikia ahsante yenye urefu ule.

Zamu yangu ilipofika, hotuba niliyoiandika ikanitoka kichwani yote. Nikatia mkono mfukoni nipate pa kuuweka, nikaikuta sumaku. Ile ile, yenye pembe iliyomeguka. Nikaitoa, nikawasimulia wajumbe elfu moja na mia mbili habari za mtoto aliyekuwa chini ya meza akiokota pini. Ndiyo, Kinyozi, ile ile. Nikawaambia pini haiondoki sakafuni kwa kusema sakafu ni safi. Mtu lazima ainame. Nikawaambia tuna mwaka mmoja wa kuinama, soko kwa soko, na kwamba tukifanya hivyo tunaweza kushinda, na tusipofanya hatutashinda, mtu asije akaniuliza mwakani kwa nini sikusema.

Kisha nikaketi juu ya kipeperushi cha Makamu, kwa bahati mbaya.

Kura zangu mia sita na kumi na tisa, kwa mia tano themanini na moja za Makamu. Mwenyekiti anayestaafu alinipa mkono, akaniuliza kama ni kweli amebaki masikio. Nikamwambia ndiyo. Akasema ni sehemu ambayo hakuitumia vya kutosha.

Makamu nimemwomba abaki kuwa Makamu. Amekubali, baada ya kunisumbua kidogo. Watu waliompenda ni wengi, na anajua majina ya wajumbe wote. Mimi nitauliza maswali, yeye atawaita kwa majina.

Fundi, karakana yako ifungue, watu wanatembea kwa miguu kwa ajili yangu. Kinyozi, ndevu zibaki nyeupe. Nesi, dawa nilikunywa baada ya kula, ahsante. Tutaonana kwenye sanduku la kura mwakani, na waambie wenzako safari hii wasilale.

Mama, hapa soma taratibu, kwa sauti, bila kuruka. Mimi mwanao, mwenyekiti wa chama, natamka mbele ya mashahidi wote walioko dukani kwamba mama yangu hawezi kutunza siri. Chama kimenufaika na udhaifu huo. Usirudie.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine ndogo, imekunjwa mara nne. Hiyo usiisome kwa sauti.

Wenu,
Pini


Dukani, tarehe 30 Mei

Mheshimiwa Mwenyekiti, mwanangu, kipenzi changu, Pini,

Marahaba, marahaba tena, na ya tatu iweke akiba.

Benchi halikutosha. Kinyozi kaleta viti vyake vyote vitatu, hata kile kinachozunguka, akakaa Nesi. Wengine walisimama mpaka barabarani, dereva wa basi akazima injini na abiria wake ndani ili asikie. Nimesoma yote. Pale pa kutotunza siri nimesoma taratibu bila kuruka, kama ulivyoagiza, na walipiga makofi kwa muda mrefu kuliko nilivyoona ni lazima. Habari ya sumaku nilisoma mara nne. Mara ya tatu na ya nne waliniomba. Karibu waniombe.

Fundi Baiskeli analia vibaya, hajazoea. Amezirudisha zile kurasa mbili, zimechakaa, zina grisi pembeni. Nimezitia kwenye fremu juu ya meza ya kukatia. Ya tatu nimeichoma, nikasimama pale mpaka ikawa majivu. Nesi anasema yeye chama hahami, ila uenyekiti wako umezivuruga hesabu zake zote za mwakani, na kwa hilo anakulaumu. Akasema hivyo akiwa ameshika kitambaa machoni.

Wateja wameongezeka. Kila mtu anataka kola kama ile. Namwambia kila mmoja kola ninaweza, cha kuweka juu ya kola ajiletee mwenyewe.

Sasa ile karatasi ndogo. Waliiona ikidondoka, mwanangu, sikuweza kuificha. Wakaniangalia. Kinyozi akasema ni fupi, isingetuchelewesha. Nikaiokota, goti likalalamika, nikaingia nayo nyuma ya pazia la kupimia nguo, nikavuta pazia mpaka mwisho. Nikasoma peke yangu. Miaka saba, na sikujua kwamba ukisoma kimya sauti inayosikika ni ya aliyeandika. Ulikuwa pale pale pembeni yangu, nikakuona mpaka mwanya wa meno.

Majibu yangu ni haya. Hakuna cha kukusamehe kwa kuninyamazia. Ndiyo, nitakuja, Jumamosi, na basi la asubuhi, na dereva amesema nitakaa mbele. Na hilo la mwisho ulilouliza, kama nilijua kwamba utaweza, mama anajua tangu siku ile ulipolala chini ya meza na pini zote ukiwa umezishika mkononi. Nilijua. Siku zote nilijua.

Nilipotoka nyuma ya pazia wote walikuwa wamesimama. Nesi akauliza, imesema nini?

Nikaketi kwenye cherehani yangu, nikapitisha uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu bila kukosea, nikawaambia, "Anawasalimu wote."

Mama yako